Kile Kisahani Huoshwa Wapi?

Mkahawa huu uko upande wa bahari, Malindi. Meza nyingine ziko chini ya makuti, nyingine bustanini, na za mwisho kabisa zinakaribia mchanga. Mchana hula hapo kila aina ya mtu: Waitaliano waliohamia mjini, wageni wa Nairobi, watu wa maofisini, na Jumapili familia za Kiswahili kutoka Shela na Barani zinazokuja kupunga upepo. Nyama yote hununuliwa kwa wachinjaji halali, na mwenye mkahawa ameliandika hilo kwenye menyu kwa herufi kubwa. Majina nimeyaacha, ya watu na ya mkahawa.

Jumapili ya kisa ilikuwa ya msimu wa kaskazi, mji umefurika wageni. Chini ya makuti ilikaa familia moja: bibi aliyekuja kutoka Lamu kuwatazama wanawe, mwanawe wa kiume, mkaza mwana na wajukuu. Waliagiza samaki wa kupaka, wali wa nazi na maji ya ndimu. Meza iliyopakana nao alikaa mama wa Kiitaliano, mkazi wa Malindi wa miaka mingi, na mbwa wake mdogo mweupe. Mbwa alikuwa na kamba, akalala chini ya kiti, hakubweka wala hakumsumbua mtu. Bibi alimwona alipoingia, akakusanya buibui lake, akaendelea kula.

Kisha samaki wa yule mama akaletwa. Akachambua mnofu, akatoa miiba, akauweka kwenye kisahani cha mkahawa, kile kile wanachowekea ndimu na pilipili, akakiweka sakafuni. Mbwa akala, akalamba mpaka kikang'aa. Mama akakiokota, akakirudisha mezani.

Bibi akamwita weita.

"Mwanangu, kile kisahani huoshwa wapi?"

Weita alikuwa kijana wa Shela, Mwislamu kama yeye. Akajibu ukweli: "Kule kule jikoni, bibi."

"Pamoja na hivi vyetu?"

Kijana akanyamaza. Bibi akasukuma sahani yake, akaomba maji ya kunawa.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Mwanawe akaita meneja, akasema hawalipi. Meneja, kwa pupa ya kuwaridhisha, akamwendea mama wa Kiitaliano mbele ya watu akamwambia mbwa haruhusiwi, amtoe nje. Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha Malindi kwamba yeye huja na mbwa huyo kila wiki, hakuna mtu aliyewahi kumkataza, na meneja mwenyewe aliwahi kumletea mbwa maji kwenye bakuli la saladi.

Ukumbi mzima ukasikia habari ya bakuli la saladi.

Meneja akamgeukia weita, akamwamuru aondoe kisahani. Kijana akasema hatakishika kwa mkono mtupu. Meza zote mbili zikaondoka, moja bila kulipa, nyingine ikilipa kwa hasira bila kungoja chenji. Jioni kijana akakabidhiwa barua ya onyo kwa kukataa amri ya mkubwa wake.

Kazi yangu ni kufundisha weita na wasimamizi wa mikahawa hapa pwani, na mwenye mkahawa aliniita siku chache baadaye. Nilisikiliza kila upande isipokuwa bibi, aliyekuwa ameshapanda basi kurudi kwao. Maneno yake niliyapata kwa mwanawe. Swali la mwenye mkahawa lilikuwa moja: tukataze mbwa au tusikataze? Nikamwambia hilo ni swali dogo, na linajibika kwa urahisi ukishajibu la bibi. Siku ile watu wote waligombana juu ya mbwa. Aliyeuliza juu ya chombo ni yeye peke yake.

Najisi na ukavu

Nianze na dini, maana ndiyo iliyosimamisha mkono wa bibi, na ndiyo ambayo mameneja wengi wa hoteli zetu huizungumzia kwa kunong'ona kana kwamba ni aibu ya mgeni. Waislamu wa mwambao huu kwa wingi ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Kwa Mashafii mbwa ni najisi nzito, mate yake na mwili wake, na chombo alichokilamba hutoharishwa kwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Msingi wake ni hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Je, sabuni haiwezi kusimama badala ya udongo? Wapo waliosema inatosha, lakini kauli yenye nguvu katika madhehebu, ile aliyoitanguliza Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, ni kwamba lazima udongo. Kwa hiyo meneja alipokuja kuniambia, "Sisi huosha kwa sabuni ya kigeni ya bei kubwa," alikuwa anajibu swali ambalo bibi hakuliuliza.

Madhehebu mengine hayaoni hivyo. Imamu Malik, ambaye Wamorocco wengi hufuata madhehebu yake, hakuona kuwa mate ya mbwa ni najisi. Kwake kule kuosha chombo ni ibada tu. Moja ya hoja za wafuasi wake ni aya ya 4 ya Surat al-Maida, inayoruhusu kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa, na mbwa hakamati windo kwa mikono. Mgeni Mwislamu kutoka Morocco angeweza kukaa meza ile ile siku ile ile na asione kitu. Nasema haya kwa sababu meneja alitaka nimpe "msimamo wa Waislamu" kwa sentensi moja abandike ukutani. Hauko wa sentensi moja. Lakini mkahawa uko Malindi, wateja wake wa Jumapili wanatoka Shela na Barani, na hao ni Mashafii.

Sasa tazama jambo ambalo lilipotea katika kelele. Fiqhi hiyo hiyo ya Kishafii haimfukuzi mbwa mkavu aliyelala chini ya kiti cha mwenyewe. Kikavu hakinajisi kikavu. Bibi alijua, ndiyo maana alikusanya buibui na kuendelea na wali wake. Hakumchukia yule mnyama wala mwenye mnyama. Mpaka wake ulikuwa unyevu, na ulivukwa pale ulimi ulipogusa chombo.

Mpaka huo una upande wa pili ambao hapa Malindi ni muhimu kuliko kwingine. Mbwa hutoka baharini moja kwa moja hadi mezani. Akijikung'uta karibu na watu, kila tone linaloruka kutoka manyoya yake ni najisi, na nguo iliyorukiwa haiswaliwi mpaka ipate zile mara saba na udongo. Mikahawa ya ufukweni huandika "mbwa awe na kamba" na kudhani kazi imekwisha. Kamba haizuii maji.

Jikoni

Tuweke dini kando sasa, twende kwenye sinki. Nilikwenda kuangalia. Sinki zilikuwa mbili, sponji moja, na maji waliyoyaita ya moto yalikuwa ya uvuguvugu, mkono unakaa bila taabu. Joto likitegemewa kuua vijidudu kwenye chombo kinachooshwa kwa mkono, maji yanatakiwa yafike nyuzi 77 na chombo kizame humo nusu dakika. Hakuna mkono unaostahimili hayo. Jikoni lisilo na mashine hutegemea hatua tatu: kuosha kwa sabuni, kusuuza, kisha kuzamisha kwenye maji yenye klorini ya kiasi na kuacha vyombo vikauke vyenyewe. Hapa hatua ya tatu haikuwapo, na vyombo vilikaushwa kwa taulo lililokuwa begani mwa kijana wa sinki tangu asubuhi.

Kwa hiyo swali la pili la bibi, "Pamoja na hivi vyetu?", lingeulizwa vile vile na bwana afya asiye na dini yoyote. Sponji iliyopita kwenye kisahani cha mbwa ndiyo iliyopita kwenye glasi za wajukuu.

Lakini kinachohamishwa na sponji hiyo ni nini hasa? Hapa watu huchanganya mambo, wengine wakiogopa kisichofaa kuogopwa na kupuuza kinachofaa. Nilivyomwona meneja, alikuwa mmoja wao. Neno lake la kwanza lilikuwa kichaa cha mbwa. Kichaa ni ugonjwa wa kuogopwa kweli: dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hakika hufa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaoupata huupata kwa mbwa. Lakini hauambukizwi kwa kisahani. Virusi vyake huingia kwa jeraha la meno, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo, na nje ya mwili vinakufa haraka kwa sabuni na kukauka. Kichaa ni sababu ya kudai kamba na cheti cha chanjo. Pia ni sababu ya weita kujua kwamba mtu aking'atwa na mbwa, hata mkwaruzo tu, jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha anakwenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Sahani hazimo katika habari hiyo.

Zinazohamia kwenye sahani na mikono ni bakteria za tumboni, Salmonella na Campylobacter, ambazo mbwa anaweza kuzibeba akiwa mzima, hasa akilishwa nyama mbichi. Mtu mzima ataharisha. Mtoto mdogo na mzee kama bibi yetu wanaweza kulazwa. Halafu kuna minyoo. Mayai ya mnyoo wa mviringo wa mbwa, Toxocara, yakitoka na kinyesi hayawezi kuambukiza siku hiyo. Hukaa udongoni wiki kadhaa ndipo yakomae, kwa hiyo hatari yake iko kwenye mchanga wanapochezea watoto kuliko mezani. Tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus, ni tofauti: mayai yake yanaambukiza tangu yanapotoka, hunata kwenye manyoya, na yakiingia tumboni kwa mtu hutengeneza vifuko vya maji ndani ya ini au mapafu. Ugonjwa huo unajulikana sana Turkana. Mbwa huupata kwa kula matumbo mabichi ya mbuzi na kondoo, kwa hiyo mbwa wa yule mama, anayekula chakula cha kopo na samaki wa kuchoma, ana hatari ndogo kuliko mbwa koko anayezunguka machinjioni. Ila kumshika mbwa na kisha kumega mkate bila kunawa ni kosa kwa mbwa yeyote.

Na kwa kuwa ninasema ukweli wa jikoni, niseme wote. Siku niliyokwenda, paka wawili walikuwa chini ya meza wakilamba mifupa ya samaki, mmoja akapanda kaunta. Hakuna aliyesema kitu. Kidini paka si najisi. Hadithi ya Abu Qatada inamhesabu katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Kwa bwana afya, paka juu ya kaunta ni kosa sawasawa na mbwa juu ya kaunta, na kinyesi chake kinaweza kubeba Toxoplasma, isiyofaa kabisa kwa mama mjamzito. Kunguru je? Kila mtu aliyekula ufukweni Malindi ameshanyang'anywa chipsi na kunguru aliyetoka jalalani dakika moja kabla. Weita hufukuza kwa kitambaa, na kitambaa hicho hicho kinapangusa meza. Mkahawa uliokuwa tayari kumfukuza mbwa mmoja mwenye chanjo kwa jina la usafi ulikuwa haujawahi kununua hata kifuniko cha sahani.

Sheria iko wapi

Fupi tu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa kaunti kazi mbili ambazo katika kisa hiki zinakutana meza moja: kudhibiti na kutoa leseni kwa biashara zinazouzia umma chakula, na kutoa leseni za mbwa. Kilifi ndiyo yenye mamlaka hapa. Juu yake ziko Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, na Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Bwana afya akija hutazama jikoni, stoo, maji, vyoo na vyeti vya afya vya wafanyakazi. Mnyama yeyote jikoni au stoo ni kosa lisilo na mjadala.

Ukumbi wa kulia ndipo nchi zinapotofautiana. Kanuni ya Ulaya namba 852 ya 2004 inataka wanyama wa nyumbani wazuiwe kufika kunakoandaliwa na kuhifadhiwa chakula. Mbwa kulala chini ya meza ya mteja ni jambo la kila siku Italia, na agizo la huko la 2013 linataka kamba isiyozidi mita 1.5 na kifunika mdomo kiwe karibu. Marekani, ambako mbwa wa kufugwa walikuwa wakikatazwa, mwongozo wa chakula wa 2022 umekubali waingie sehemu za nje, mamlaka ya mahali ikiridhia. Kwangu mimi la msingi popote pale ni kutenganisha vyombo: mbwa asile kwenye sahani ya watu.

Nani alikosa

Mama wa Kiitaliano hakukosa kuja na mbwa. Waitaliano wamekuwa sehemu ya Malindi tangu siku za kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960. Wamejenga, wamefungua maduka ya aiskrimu, na vijana wetu wanajua lugha yao kuliko wanavyojua Kifaransa cha shuleni. Wamekuja na desturi zao, na mkahawa uliichukua pesa ya mama huyu kila wiki ukimtazama mbwa bila kusema neno. Kimya hicho kilikuwa ruhusa. Alipokosa ni kwenye kisahani, na yeye mwenyewe alinikubalia bila ubishi mrefu. Nilipomuuliza kama kwao Milano angefanya hivyo, alicheka kidogo akasema kule wangemletea bakuli la bati. "Hapa nikaona nyinyi hamjali," akasema. Hilo "hamjali" nililibeba kama lilivyo nikampelekea mwenye mkahawa.

Familia je, walikuwa na haki ya kuondoka bila kulipa? Wafanyakazi wenzangu wawili niliowauliza walisema hapana: samaki wao hakuguswa, walikuwa wameshakula nusu yake, walipe nusu. Mimi nasema walikuwa na haki, na sababu iko kwenye menyu. Ukiandika "halali" kwa herufi kubwa umeahidi zaidi ya mchinjaji. Mtu anayechagua mkahawa kwa neno hilo anaamini kwamba kisu, chungu na sahani vimo ndani ya ahadi. Kisheria wakili anaweza kunibishia, na nitamwacha anibishie. Kama meneja angekuwa mtu wa watu angefika pale, akainama kwa bibi, akasema, "Shikamoo, bibi, tumekosa, na chakula hiki hakina bili," kabla mwanawe hajafungua kinywa. Bili iliyosamehewa mapema hujenga. Ile iliyosusiwa baada ya mabishano humfanya kila mtu aondoke akijiona ameibiwa.

Kijana sasa. Barua yake ya onyo ilisema "amekataa kufanya kazi." Hakukataa. Alisema hatakishika kwa mkono mtupu, na glavu za jikoni zilikuwa hatua kumi kutoka pale. Meneja alichotakiwa kufanya ni kuzileta, au kukiondoa mwenyewe, kwa kuwa yeye si Mwislamu na hana shida nacho. Kifungu cha 32 cha Katiba kinamlinda mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake, na Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya dini. Mwenye mkahawa alipoyasikia hayo alipoa kidogo. Lakini nilimwambia na kijana upande wake, faraghani: kushika najisi kwa haja ya kazi si dhambi. Unashika, unatoharisha, yamekwisha. Wauguzi wanashika yaliyo mazito zaidi kila siku. Karatasi ya tishu ingetosha. Alinisikiliza, akasema, "Najua, mwalimu. Ila bibi alikuwa ananitazama." Nilishindwa kumlaumu.

Aliyekosa zaidi ni meneja, na si kwa sababu ya kumtoa mbwa. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua miezi mingi kabla ya Jumapili ile, kukubali mbwa kwa masharti au kuwakataa wazi, akaacha yote mawili kwa kuwa kila moja lingemuudhi mteja fulani. Hatimaye akaamua mbele ya ukumbi uliojaa, kwa kumtazama aliyepaza sauti zaidi. Na lile bakuli la saladi ni lake. Mgeni aliyeletewa bakuli la jikoni kwa ajili ya mbwa wake, tena na meneja, angejuaje kwamba kisahani ni mwiko?

Kilichobadilishwa

Kwanza vyombo. Mwenye mkahawa alitaka kutupa visahani vyote na mabakuli. Nilimzuia, vyombo havina kosa. Kwa kuwa hakuna aliyejua ni kipi kilicholambwa, kijana alijitolea kuviosha vyote kwenye bomba la bustani, mara saba, moja kwa maji ya udongo safi. Mpishi, Mgiriama na Mkristo, alianza kwa kuchekelea, akaishia kushika mpira wa maji. Baada ya hapo ndipo ndoo ya klorini ikawekwa jikoni, sponji zikawa za rangi mbili, na taulo la begani likapigwa marufuku.

Mbwa wakaruhusiwa, bustanini tu, kwenye meza za upande wa mnazi mkubwa, na njia yao ni geti la pembeni ili wasipite chini ya makuti. Kamba fupi, ifungwe kwenye mguu wa kiti cha mwenyewe. Mbwa aliyerowa haingii mpaka akauke. Hakuna kiti, hakuna mto, hakuna kupakatwa wakati wa kula. Maji hutolewa kwenye vibakuli vya bati vyenye alama nyekundu, ambavyo havijawahi kuingia jikoni wala havitaingia. Huoshwa bombani nje. Anayetaka kumlisha mbwa wake hupewa chakula kwenye sahani ya karatasi inayotupwa. Kadi ya chanjo huonyeshwa mara ya kwanza na kuandikwa daftarini. Weita asiyetaka kuhudumia meza hizo hasemwi; wapo wanaotaka, na bahshishi yake si mbaya.

Jambo nililoling'ang'ania kuliko yote ni kibao cha mlangoni, kwa Kiswahili, Kiitaliano na Kiingereza: mbwa hukaa bustanini, vyombo vyao ni vya peke yake. Meneja aliogopa kingefukuza Waislamu. Kinyume chake ndicho kilichofukuza. Mtu aliyeambiwa mlangoni anachagua meza yake au anachagua mkahawa mwingine, na vyote viwili ni haki yake. Nilisisitiza pia sharti moja lisiloandikwa kibaoni lakini kila weita alijue: mbwa anayemwongoza mtu asiyeona haelekezwi bustanini kama wengine. Huyo ni macho ya mtu. Anakaa na mwenyewe, na wanaotaka kuhama meza wanasaidiwa kuhama kwa adabu.

Mama wa Kiitaliano alirudi. Aliomba mbwa wake awekewe mto kitini kama mwanzo, akakataliwa, akanuna, sasa anakuja na mkeka wake mwenyewe. Familia haijarudi. Mwenye mkahawa alimpigia simu mwana wa bibi, akamweleza vyombo vinaoshwaje na wapi. Akashukuriwa vizuri tu, na hakuahidiwa kitu.

Lililonisumbua zaidi nililigundua kwa bahati, nikiwa nimefika alfajiri kuzungumza na watu wa zamu ya asubuhi. Mkahawa una askari wa usiku, na askari ana mbwa watatu. Wakishafunga, mbwa hao huachiwa wazunguke, na wanapochoka hulala pale penye mito: juu ya viti vya wateja, chini ya makuti, pale pale alipokaa bibi. Asubuhi mito inakung'utwa, ukumbi unafagiwa, na saa sita watu wanaketi. Msimu wa umande mito huwa mbichi. Miaka yote hiyo hakuna aliyeona kuwa hao nao ni mbwa katika mkahawa, maana si wa mteja. Nilipouliza kadi zao za chanjo, zilikuwa zimepitwa na wakati zote tatu. Daktari wa mifugo aliitwa wiki ile akawachanja na kuwapa dawa ya minyoo, mito ikaanza kukusanywa kila usiku na kufungiwa stoo, foronya zikapelekwa bombani zikapate mara saba zao, na mbwa wakajengewa uzio nyuma ya jenereta wenye geti la kutokea uani peke yake. Barua ya onyo ya kijana ilitolewa kwenye faili siku hiyo hiyo.